Disemba iwe ya Unguja na Pemba, Mafia ipewe safari yake

Swali: Mimi na mume wangu tumenunua boti ya tanga ya faiba yenye urefu wa futi 32 na mashine ya dizeli ya nguvu za farasi 20. Kwa mwaka mzima tumekuwa tukienda Mbudya na Bongoyo na kurudi siku hiyohiyo. Likizo ya Disemba tunataka kuwachukua watoto wetu wawili, wa miaka tisa na kumi na mbili, tutoke Msasani hadi Unguja, kisha Pemba, halafu tushuke Mafia kabla ya kurudi nyumbani, yote kwa siku kumi. Je, inawezekana, na tujiandae vipi?

Jibu: Dada yangu, sehemu moja ya safari yako inawezekana na itawafurahisha watoto kuliko mnavyotarajia, sehemu nyingine nakuomba uiondoe kabisa. Unguja na Pemba kwa siku kumi za Disemba ni safari ya familia, ilimradi mkubali kusubiri hali ya hewa inapobidi. Mafia haimo humo. Kisiwa chenyewe nakipenda sana, lakini ramani imekuonyesha visiwa vitatu vilivyojipanga kutoka kaskazini hadi kusini kana kwamba ni vituo vya barabara moja, na haikukuonyesha kwamba maji yaliyo baina yake hayatulii, bali yanakwenda upande mmoja mwaka mzima.

Nianze na maji hayo, kwa kuwa ndiyo yatakayoamua mambo mengine yote. Mkondo wa bahari wa pwani yetu unatoka kusini kwenda kaskazini, masika na kiangazi. Wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo unausukuma na mkondo unakuwa mkali sana. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, upepo unaupinga na mkondo unapungua nguvu, lakini katika pwani ya Tanzania haugeuki. Kwa hiyo mwezi wa Disemba mtakuwa na upepo unaotoka kaskazini mashariki na maji yanayokwenda kaskazini, yaani viwili vinavyokutana uso kwa uso. Faida yake ni kwamba mkondo utawasaidia kwenda Pemba na upepo utawasaidia kurudi. Hasara yake ni kwamba pale upepo unapopigana na mkondo, mawimbi hayawi marefu na ya kubembea kama yale ya kusi. Yanakuwa mafupi, yaliyosimama wima na kufuatana kwa karibu, na boti ya futi 32 haipati nafasi ya kupanda wimbi moja na kushuka kabla jingine halijaipiga. Upepo uleule ambao ndani ya ghuba ya Msasani ungewafurahisha, nje ya Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, unaweza kuwatapisha watoto wote wawili na baba yao.

Dawa yake ni saa ya kuondoka. Kaskazi ya Disemba kwa kawaida huwa dhaifu alfajiri, wakati umande wa nchi kavu bado unavuma taratibu, kisha huongezeka kadiri jua linavyopanda na kufikia ukali wake alasiri. Wavuvi wa Nungwi na Mkokotoni hawahitaji kuambiwa hilo. Ukiwaona wamekwisha kutoka kabla jua halijachomoza, jua kwamba huo ndio wakati wa bahari kupitika. Ninyi pia ng'oeni nanga saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mara tu nuru inapotosha kuona maboya ya nyavu.

Sasa tazama kivuko chenyewe, yaani kuvuka kutoka Unguja hadi Pemba. Kutoka Ras Nungwi hadi Mkoani, bandari ya Pemba, ni maili za baharini kama 30, na maili moja ya baharini ni mita 1,852. Boti yenu kwa mashine na tanga kuu pamoja inaweza kwenda noti sita, yaani maili sita kwa saa. Ukichukua dira na kuelekeza omo, yaani mbele ya chombo, moja kwa moja Mkoani, ukaamini hesabu kwamba 30 ukigawa kwa sita ni saa tano, utashangaa. Mkondo wa noti mbili tu utakuwa umekusukuma maili nane kaskazini baada ya saa nne. Dira haitabadilika hata kidogo, omo itaonekana inatazama palepale, lakini kisiwa kitakuwa kinahama kidogo kidogo kwenda kulia, na mtajikuta mmeingia katika mkondo wa Pemba, yaani ule mlango wa bahari ulio magharibi ya kisiwa, juu ya maji yenye kina cha mamia ya mita ambako hakuna nanga itakayoshika. Mashine ikizimika hapo, mkondo unawapeleka upande wa Kenya.

Hapo ndipo chombo cha GPS kinapofaa, lakini kwa sharti kwamba mjue kukisoma. Msitazame mshale wa omo, tazameni mstari wa njia mliyopita. Kwa mkondo wa noti mbili na mwendo wa noti sita, mnatakiwa kuelekeza omo takriban digrii 13 kulia kwa Mkoani, kana kwamba mnakwenda kwenye bahari tupu ya mashariki, na chombo kitakwenda upande-upande hadi kifike kilipokusudiwa. Tena mkondo utakuwa umewasaidia: badala ya saa tano mtatumia saa nne na kidogo. Kila baada ya nusu saa linganisheni njia na mstari mliouchora, kwa sababu nguvu ya mkondo haiko sawa mahali pote, na karibu na rasi ya Nungwi hubadilika pia kwa maji kujaa na kupwa.

Naandika kwa kirefu juu ya kivuko hiki kwa sababu kila mtu wa Unguja na Pemba anakijua kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama hapo Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake, na mamia ya watu walipoteza maisha. Boti yenu si meli ya abiria, lakini maji ni yaleyale. Msikivuke usiku, hata kama bahari ni shwari na mbalamwezi imetanda. Vyombo vingi vya uvuvi havina taa, na vile vyenye taa huwa vimeziwasha kwa ajili ya kuita dagaa, na nyavu zake zimezunguka mbali kuliko nuru inavyofika.

Jambo la pili lenye uzito ni maji kujaa na kupwa. Mmezoea Mbudya, kwa hiyo mnajua kwamba wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne, na wakati wa maji mafu inabaki ndogo, pengine mita moja. Kinachowachanganya wengi ni mwendo wake ndani ya zile saa sita. Maji hayapandi sawasawa. Ukigawa tofauti nzima katika mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili na ya sita moja. Kwa bamvua ya mita 3.6 hiyo ni sentimita 30, kisha 60, 90, 90, 60 na 30. Kwa hiyo katika saa mbili za katikati pekee maji hupanda au kushuka mita 1.8, kimo cha mtu mrefu. Ukiona mwamba umefunikwa vizuri na ukajiambia una muda, angalia kwanza ni saa ya ngapi ya kupwa.

Pwani yetu ina neema moja ambayo wageni hawaijui. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni, kisha kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Milango ya kuingilia Pemba upande wa magharibi, kama ule wa Fundo unaoelekea Wete, unaingiwa ukitazama mashariki. Asubuhi jua linakuwa machoni na maji yote yanang'aa kama bati jipya, huoni kitu. Alasiri jua liko mgongoni na chini ya maji kunasomeka: buluu iliyokolea ni kina kirefu, kijani cheupe ni mchanga, hudhurungi na weusi ni mwamba au majani. Siku tatu au nne baada ya mwezi kuandama au kupevuka, mkiingia saa nane mchana, jua litakuwa nyuma yenu na maji yatakuwa yanajaa, na nguvu ya bamvua itakuwa imeanza kupungua. Mimi hupanga safari za Pemba kwa kalenda ya mwezi kabla ya kutazama kitu kingine chochote, na ninakushauri ufanye hivyo hata kama itakulazimu kubadilisha tarehe za likizo kwa siku mbili tatu. Ukigusa fungu la mchanga wakati maji yanajaa, unasubiri dakika ishirini na kuelea. Ukiligusa kileleni mwa bamvua maji yakianza kupwa, unaweza kukaa hapo hadi bamvua nyingine.

Mtoto wa miaka kumi na miwili mpe kazi ya kusimama omo, amevaa jaketi okozi na kufungwa kamba ya usalama, awe mwita mwamba. Macho ya mtoto ni makali kuliko yetu, na atajiona yeye ndiye anayekiongoza chombo, jambo ambalo kwa saa hiyo ni kweli.

Kuhusu nanga, nina kisa changu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilitia nanga Kendwa, kaskazini magharibi mwa Unguja, saa nne asubuhi ya bamvua. Bildi, kipimo cha kina, ilinionyesha mita tatu, nikatoa amari, yaani kamba ya nanga, ya mita ishirini, nikaona imetosha mara sita na zaidi, nikaenda kulala kidogo. Saa tisa alasiri niliamshwa na mlio wa maji yaliyokuwa yakipita ubavuni, ilhali chombo kilichotia nanga sawasawa hakipiti maji namna ile. Nilikwenda omo nikaweka kiganja juu ya amari, nayo ilikuwa ikitetemeka, ikitulia, ikitetemeka tena: nanga ilikuwa inaburura juu ya mchanga. Kina kilikuwa kimefika zaidi ya mita sita, na nilikuwa nimepima bahari ya asubuhi kwa ajili ya chombo cha jioni. Namshukuru Mungu kwamba upepo ulikuwa unatoka nchi kavu na nyuma yangu kulikuwa na bahari tupu.

Hesabu sahihi ni hii. Chukua kina unachokiona, ongeza maji yatakayopanda, ongeza kimo cha omo kutoka majini, kisha zidisha kwa saba kama amari ni kamba, au kwa tano kama yote ni mnyororo. Mita tatu, na 3.6, na moja ya omo, ni mita 7.6, mara saba ni mita 53. Nunueni mita 70, na kipande cha mwisho kinachoshikana na nanga kiwe mnyororo wa mita kumi, kwa sababu matumbawe huikata kamba kwa usiku mmoja. Tieni nanga juu ya mchanga tu. Mkikuta boya la kufungia vyombo katika maeneo ya hifadhi, lilipieni na mlitumie. Tumbawe lililovunjwa na nanga halirudi katika umri wa watoto wenu.

Sasa njia yenyewe. Msasani hadi Mji wa Unguja ni kama maili 35, siku nzima ya mchana kwa mwendo wa starehe, na upande wa kusini mnakaa mbali na miamba ya Chumbe, ambako mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 bado unaonekana vizuri. Pumzikeni mjini siku moja. Siku inayofuata pandeni hadi Kendwa au nyuma ya Tumbatu, mkilala mahali ambapo kisiwa kinawakinga na kaskazi. Hapo mnasubiri. Someni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha waulizeni wavuvi wa Nungwi, na kama mmoja kati yao anatikisa kichwa, kaeni. Tengeni siku mbili kwa ajili ya kukaa tu. Mkizipata bila kuzitumia, mtaogelea.

Pemba ndiyo zawadi. Upande wake wa magharibi wote umekingwa na msururu wa visiwa vidogo na ghuba zenye mikoko, na kwa kaskazi maji ya huko yanakuwa kama ya ziwa. Upande wa mashariki uacheni, uko wazi kwa bahari kuu. Kutoka Mkoani mnaweza kwenda Misali kwa safari fupi. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, wavuvi wakawa hawana, naye akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake kwa kuwa kinaelekea kibla. Ndipo jina likapatikana. Wavuvi wanakiheshimu, wanapiga dago, yaani kambi ya uvuvi, humo kwa utaratibu wao, na maji yanayokizunguka ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya mkondo wa Pemba iliyotangazwa mwaka 2005. Lipeni ada, vaeni nguo za heshima mnapoteremka, na popote pengine Pemba mnapotaka kulala karibu na kijiji, mtafuteni sheha, kiongozi wa eneo, mkajitambulishe. Dakika kumi za salamu zitawapatia ulinzi wa chombo chenu usiku kucha.

Kurudi kutakuwa kwepesi kwa upepo na kuzito kwa mkondo. Kaskazi itakuwa nyuma, tanga litajaa, maji yatakuwa yanapita ubavuni kwa kasi ya kupendeza, na watoto watadhani mnaruka. Lakini GPS itasema noti nne pale ambapo mnahisi sita. Hesabuni saa saba au nane kutoka Mkoani hadi Nungwi, na msiondoke mkiwa mmechelewa kwa sababu tu mnajua njia.

Vibali nitavipitia kwa ufupi. Vyombo vya Bara vinasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na vya Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA). Chombo kiwe kimesajiliwa na kukaguliwa, vyeti viwe ndani ya mfuko usioingia maji, na mjitambulishe bandarini mnapofika Unguja na Pemba. Redio ya VHF iwe wazi kwenye chaneli 16 muda wote. Simu hupata mtandao sehemu nyingi, lakini simu haisikiwi na chombo kilicho maili mbili kutoka kwenu, redio inasikiwa. Kila mtoto awe na jaketi okozi la kipimo chake, si la mtu mzima lililofungwa kwa kamba. Na mtu mmoja aliye nchi kavu awe na karatasi yenye njia yenu, na saa ambayo asipowasikia ataanza kupiga simu.

Imebaki Mafia. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, ni maili kama 70, mkondo ukiwa mbele yenu njia nzima. Mashine yenu kwa mwendo wa noti tano inaweza kutumia lita tatu kwa saa. Bila mkondo hiyo ni saa 14 na lita 42. Weka mkondo wa noti moja na nusu, mwendo unashuka hadi noti tatu na nusu, saa zinakuwa 20 na lita 60, na bado hujaweka akiba ya theluthi moja, wala hujapata upepo wa kinyume. Saa 20 haziingii ndani ya mchana mmoja, kwa hiyo lazima mlale njiani, visiwa vya Kwale au Koma, na kutoka hapo kusini maji ya Rufiji yanaleta tope na mafungu ya mchanga yanayohama, maji hayana rangi ya kusomeka, na ile elimu ya buluu na kijani haifai kitu. Disemba mtashuka vizuri kwa kaskazi, lakini kurudi mtakuta upepo wa omo na mawimbi yale mafupi niliyoyaeleza, tena ninyi mkiwa mmechoka na shule zinakaribia kufunguliwa. Uchovu na tarehe ya kurudi vimezamisha vyombo vingi kuliko dhoruba.

Nenda Mafia mwakani mwezi wa Novemba, wakati wa tangambili, kusi ikiwa imelegea na kaskazi haijashika. Upepo utakuwa mdogo, mtatumia mashine zaidi, basi bebeni mafuta ya kutosha na mpange siku tatu za kushuka, mkilala kila usiku nyuma ya kisiwa. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, kwa hiyo watoto hawatakosa kitu. Mkifika mzungukeni kusini kuingia ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Mlango wa Kinasi una maji makali yanapopwa na yanapojaa, kwa hiyo uingieni maji yakiwa yametuama, na mara ya kwanza mchukueni kijana wa Mafia awe rubani wenu, mkimlipa haki yake.

Kwa sasa, kabla ya Disemba kufika, fanyeni jambo moja: laleni usiku mmoja Mbudya ndani ya boti, siku ya bamvua, mkiwa mmetia nanga saa nne asubuhi. Mwanao wa miaka tisa awe na kazi ya kuamka kila baada ya saa mbili pamoja nawe, aweke mkono juu ya amari na kukueleza anachosikia.